Mbegu Ichaguliwe Mahali Itakapolimwa

Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Kabwe huteremka kiasi cha mita elfu moja kabla ya kufika mwaloni. Nyuma yake huuacha uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi, nyasi na upepo, ambako mahindi, maharage na ulezi ndio chakula na ndio fedha. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko ni joto, dagaa, migebuka na muhogo. Kwa karani ni mkoa mmoja. Kwa mmea ni nchi mbili.

Twalisema hili kwa sababu maofisini husemwa mno juu ya "mbegu bora", kana kwamba ubora umo ndani ya punje yenyewe, popote itakapoangukia. Sivyo. Mahindi ya H614, yaliyozaliwa Kitale nchini Kenya, yalizipendeza nyanda zetu za juu kwa kuwa yalitafutwa kwa ajili ya nchi za namna hiyo. Mmoja wa wazazi wa ukoo ule wa mahindi uliletwa kutoka milima ya Ecuador, ukaunganishwa na mbegu iliyokwisha kuchaguliwa mashambani mwa Kitale, na mwaka 1964 ikatolewa H611, iliyotangulia nyingine. Mbegu hizo hukaa shambani miezi sita au zaidi, zikitaka ubaridi na mvua ndefu. Mkulima wa mwambao, ambako joto huzidi kwa nyuzi sita hivi, hazimfai, hata akipewa bure.

Tena hata huko uwandani wazee hawakungoja kufundishwa kwamba mmea na ardhi huchaguliwa pamoja. Mfipa alilima ntumba. Mvua zikikaribia kwisha alizikata nyasi pamoja na udongo, akazifukia na kufanya vichuguu, zikaoza humo. Juu yake alipanda maharage, na msimu uliofuata alivibomoa vichuguu, akautandaza udongo ule ulioshiba na kumwaga ulezi. Ulezi ukakaa ghalani miaka bila kubunguliwa. Huo ulikuwa utafiti, ingawa hakuna aliyeuandikia ripoti.

Basi turudi Kabwe, kwa muhogo, maana kwa watu wa ziwani muhogo ni shamba na ghala kwa pamoja: huachwa ardhini hadi siku ya kuhitajiwa. Lakini una maadui wawili wanaofahamika katika Afrika Mashariki. Batobato huonekana mapema, kwa kuwa majani hujikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia ni mwizi mstaarabu zaidi. Shina laweza kusimama likiwa na majani ya kuridhisha, na mwenye shamba akajihesabia chakula cha mwaka, mpaka siku ya kung'oa akute kiini cha mhogo kimekauka na kuoza. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na huenezwa pia na sisi wenyewe, tunapopakia pingili katika mashua na kuzipeleka kwa shemeji.

Nchi yetu ina historia kubwa katika vita hivyo. Ni huko Amani, milimani Usambara, ambako Bwana H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi mwaka 1936. Yeye na wenzake waliunganisha muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará. Watoto wa kwanza walivumilia ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa myembamba na migumu kama kuni, ikalazimu kuwarudisha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi. Mbegu zao zilifika Nigeria, na uzao wake ukarudi Uganda katika miaka ya 1990, batobato ilipoiangamiza mihogo ya huko.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi ile ya Amani ilifungwa. Kilichofuata ndicho kinachotugusa zaidi. Mche mmoja wa Amani, uliopewa namba 46106/27, ulibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na Namikonga, na wataalamu wa karne hii walipovilinganisha vinasaba waliona kwamba hiyo na Kaleso ni kama mmea mmoja. Leo Namikonga hutumiwa kuwa mzazi wa mbegu mpya zenye kuihimili michirizi. Serikali iliyoanzisha kazi ile iliondoka, ofisi ikafungwa, namba ikasahauliwa, nao wakulima wakaendelea kupanda kwa kuwa mhogo ule haukuoza.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua jambo hili kwa uchungu. Michirizi ilipowazidi, kituo cha Kizimbani kilijaribu miche katika udongo wa visiwani kwenyewe, na mwaka 2007 zikatolewa aina nne: Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama. Kisiwani hakuna bara ya kukimbilia shamba likishindwa. Na wakazi wa Mvuna na Ulwile, mbele ya Kipili, wamo katika hali hiyo hiyo.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa Nkasi na wataalamu wa TARI Uyole wasiishie uwandani. Vitengwe vishamba vya majaribio Kabwe na visiwani, pingili safi zipandwe kando ya zile za wenyeji, na zisitupwe za wenyeji kabla hazijapimwa. Na siku ya kuvuna waitwe akina mama wanaoloweka udaga na kusonga ugali, waonje, waseme upi mchungu, upi wachelewa kulainika, upi watoa unga mweupe. Fomu ya mpimaji mara nyingi ina safu ya uzito wa mizizi. Iongezwe safu yao.