Mchoro Bila Akili Ni Picha Tu!

Dizaina umechora ng'ombe bomba, nyuma yake Mlima Hanang. Unambonyeza, kimya! Kisa? Hana akili.

Kwenye Flash, tangu ActionScript 3.0 ya 2006, dawa ilikuwa hii: mchoro unaupa jina la klasi, halafu mwenzio wa kodi (siyo ya TRA!) anaandika klasi hiyo kwenye faili lake, ikirithi MovieClip. Ng'ombe kumi, klasi moja! Hakuna kugombana: wewe badili rangi utakavyo, kodi yake haivunjiki.

Lakini cheki: Adobe iliacha kuihudumia Flash Player 31 Desemba 2020. Kazi za miaka zikazimika kwenye vivinjari. Waliosalimika ni waliotunza michoro na kodi zao. Programu hufa, ujuzi haufi. Au siyo?