Kinga ya Mwili Katika Umri wa Uzee

Mwaka 1846 maradhi ya surua yaliingia katika visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya milki ya Denmark, na katika wakazi wake wapatao 7,800, kadiri ya 6,000 wakaugua kwa muda wa miezi michache. Tabibu kijana, Peter Ludwig Panum, aliyetumwa kuuchunguza msiba huo, aliona jambo la kustaajabisha: wazee waliopata kuugua surua mwaka 1781, yalipoingia maradhi hayo kwa mara ya mwisho, hakushikwa hata mmoja wao, ijapokuwa miaka 65 ilikuwa imekwisha pita, ilhali wazee wenzao ambao hawakuipata utotoni waliugua kama walivyougua vijana.

Basi kinga ya mzee hukumbuka sana ya zamani. Udhaifu wake hudhihiri zaidi inapokutana na mageni. Sababu yake kubwa imo nyuma ya mfupa wa kidari, katika tezi iitwayo thaimasi, ambayo kazi yake ilidhihirishwa na Jacques Miller mjini London mwaka 1961. Tezi hiyo ni mithili ya chuo: baadhi ya chembe changa za damu nyeupe, zikisha zaliwa katika uboho, huingia humo zikafunzwa kupambanua kilicho cha mwili na kilicho cha adui, na zile zitakazoudhuru mwili wenyewe huangamizwa kabla ya kutoka. Lakini tangu ubalehe tezi hiyo husinyaa, na mahali pake hujaa shahamu, hata mtu afikapo uzeeni wanafunzi wapya wamekuwa haba mno. Ndiyo maana chanjo ya mafua aghalabu humfaa mzee kwa kiasi kilicho pungufu kuliko kijana, ingawa yeye ndiye anayeihitaji zaidi.

Kadhalika, kinga inapodhoofika, maradhi yaliyojificha mwilini hupata mwanya. Virusi vya tetekuwanga, vikisha lala katika neva tangu utotoni, huamka baada ya miaka mingi vikaleta mkanda wa jeshi pamoja na maumivu yake makali. Na kifua kikuu nacho huweza kuzuka vivyo hivyo.

Lililo la hatari kupita yote ni kwamba mwili wa mzee huenda usitoe ishara tulizozizoea. Mzee huweza kushikwa na homa ya mapafu pasipo joto kupanda wala kikohozi kuzidi, akaonekana tu amechoka, amekataa chakula, na maneno yake yamevurugika ghafla. Nao jamaa wakayahesabu hayo kuwa ni uzee, mpaka wakati wa tiba ukawapita. Mabadiliko ya ghafla hayaletwi na uzee, kwani uzee huja polepole. Basi mzee apelekwe kwa tabibu siku iyo hiyo, na wajukuu wapewe chanjo zao kwa wakati, wasije wakamwambukiza. Heshima tumpayo mzee kwa shikamoo na kiti cha mbele haijatimia mpaka tumemhifadhi pia na maradhi ambayo mwili wake hauwezi tena kuyakabili peke yake.