Tuzirudishe baraza zetu za jioni

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni kukaa barazani. Katika wilaya ya Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, kuanzia Bungu na Jaribu hadi Nyamisati na visiwa vilivyozungukwa na mikoko, baraza ya jioni ilikuwa sehemu ya maisha kama ulivyo mpunga na samaki. Mtu akirudi shambani au baharini alioga, akaswali, kisha akatoka nje kukaa na wenzake. Leo baraza nyingi ama ni tupu, ama zina watu ambao kila mmoja wao ameinamia simu yake. Rai yetu ni kwamba tulichopoteza hapo si burudani peke yake. Tumepoteza pia kinga ya usalama, ya malezi na ya udugu.

Kazi ya baraza

Baraza tunayoikusudia si lazima iwe ya mawe na saruji. Kwa wengine ni kibaraza cha udongo mbele ya nyumba ya miti, na kwa wengine ni gogo chini ya mwembe. Kwa wakazi wa mji wa Kibiti ni kijiwe cha kahawa kando ya barabara iendayo Lindi, na kwa wasafiri wa delta ni gatini Nyamisati, pale watu wanaposubiri maji yajae. Hata mkulima aliyehamia dunguni kulinda mpunga wake dhidi ya ndege na nguruwe alikuwa na jirani wa dungu la pili wa kuitana naye usiku.

Hapo ndipo bao lilipochezwa, na mtoto aliyesimama nyuma ya babu yake akajifunza kuhesabu kete, kunyamaza wakubwa wanaposema, na kushindwa bila kununa. Hapo ndipo ugomvi wa mpaka wa shamba ulipomalizwa kabla haujafika mahakamani. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa fulani hajaonekana siku mbili, na mtu akatumwa kwenda kumjulia hali. Akina mama nao walikuwa na vikao vyao uani, ukili wa mkeka mikononi, na ndoa nyingi zilizokuwa zikiyumba zilitengenezwa huko. Vikao vyote hivyo havikuwa na posho wala katibu.

Hofu iliyofunga milango

Ni ukweli usiopingika kwamba baraza za Kibiti hazikunyamazishwa na simu peke yake. Kati ya mwaka 2016 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia mauaji yaliyoitikisa nchi nzima. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari waliuawa, baadhi yao usiku, majumbani mwao. Aprili 13, 2017, askari polisi 8 waliuawa kwa pamoja wilayani Kibiti. Mwezi uliofuata pikipiki zilipigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji ikaanzishwa mwaka huo huo. Novemba 2017, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti matukio hayo, alitoweka Kibiti, na hajaonekana tena.

Katika hali kama hiyo, nani angethubutu kukaa nje usiku? Milango ilifungwa mapema, na lililo zito zaidi, ndimi nazo zilifungwa. Mtu alipima kila neno, asijue litamfikia nani. Hali ilipotulia, pikipiki zilirudi barabarani na biashara za jioni zikafunguliwa, lakini mazoea ya kukaa pamoja hayarudi kwa tangazo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo ni mtu mzima, na sehemu ya utoto wake wa jioni aliimaliza ndani, mlango umekomewa.

Hatudai kwamba kahawa huzuia risasi. Vyombo vya dola vina wajibu wake, na haki ya kila aliyeuawa na kila aliyetoweka iko palepale. Tunachosema ni kwamba kijana anayeanza kupotoka, awe anavutwa na wahalifu, na dawa za kulevya, au na wenye kuipotosha dini hata wakahalalisha damu, hubadilika kwanza mbele ya wale wanaomwona kila siku. Huacha kusalimia. Huacha kuswali na baba yake. Husafiri bila kuaga, akarudi na fedha isiyo na maelezo. Baba mwenye baraza hunong'onezwa mapema na wenzake. Baba asiye na baraza huja kuambiwa na polisi, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

Simu na vibanda umiza

Ama kuhusu simu, sisi hatumo miongoni mwa wanaozilaani. Habari ya msiba kutoka Kiongoroni leo hufika Dar es Salaam kwa dakika moja, na hiyo ni neema. Vijana wanaojazana katika vibanda umiza kutazama Simba na Yanga nao angalau wanakaa pamoja, ingawa pale mzee hayupo, na hata angekuwepo asingesikika kwa kelele za spika.

Tatizo huanza pale rambirambi iliyoandikwa kwa kidole inapochukua nafasi ya kwenda kuchimba kaburi. Tukumbuke Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, mashamba yakamezwa na maelfu ya watu wakayahama makazi yao. Picha zilisambaa simuni kila mahali. Lakini katika siku kama hizo, kumvusha bibi kizee asiyeweza kutembea kunahitaji jirani anayejua kwamba bibi huyo yupo, na analala chumba gani. Ujuzi huo hupatikana kwa kukaa na kuulizana hali katika siku za kawaida, kabla maji hayajaja.

Haki ya njia

Wapo watakaosema kwamba baraza ni mahali pa kusengenya, na kwamba wanaume hukaa huku wake zao wakitwanga. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, wala hatuitetei baraza ya namna hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha Masahaba na kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na vikao vyao hivyo, kwani ndipo wanapozungumza, hakuwavunjia. Aliwataka waipe njia haki yake, nayo ni kuinamisha macho, kuondoa maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Ndugu msomaji, tazama jinsi haki hizo zinavyotugusa leo. Kuinamisha macho ni binti kupita na ndoo yake pasipo kupigiwa mluzi. Kuondoa maudhi ni kutompiga mpita njia picha bila idhini yake na kuirusha kwa watu wamcheke, na ni kutoiziba njia kwa pikipiki wala kwa spika. Kuitikia salamu kunahitaji kwanza kuisikia, na mwenye vipokea sauti masikioni haisikii. Kuamrisha mema ni pamoja na kumwambia mwenzako, kwa upole, kwamba saa hii mkewe anahitaji msaada nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, kila mtaa na kila kijiji uwe na angalau jioni moja kwa wiki ambayo wazee na vijana watakaa pamoja, bao likiwepo na simu zikiwa mfukoni. Pili, kila baba aende na mwanawe, asimwachie kijiwe cha rika lake peke yake, na akina mama wafanye vivyo hivyo na mabinti zao katika vikao vyao. Tatu, msimu wa mashamba unapowatawanya watu madunguni, muda baada ya swala ya Ijumaa utumike kuulizana: nani hatumwoni, na kwa nini?

Hakuna katika hayo linalohitaji mfadhili wala kibali. Linalohitajika ni mtu mmoja kutandika mkeka nje ya nyumba yake leo jioni na kumwita jirani kwa jina.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) aifariji kila nyumba ya Kibiti na Rufiji iliyoondokewa na mtu wake, awalinde vijana wetu, na aziunganishe nyoyo zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.