Afisa Alipata Sifa, Tarishi Alishika Kamera

Charles Bell hakwenda Tibet kwa kazi ya kupiga picha. Alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza nchini India, na kuanzia 1908 alishika wadhifa wa Afisa wa Siasa wa Sikkim, mwenye dhamana pia ya uhusiano na Bhutan na Tibet. Kabla ya hapo, baada ya jeshi la Uingereza kuingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kwa nguvu mwaka 1904, alikabidhiwa kwa muda utawala wa bonde la Chumbi. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha kufundishia Kitibeti cha mazungumzo.

Kilichomfungulia milango zaidi ni urafiki. Mwaka 1910 Dalai Lama wa 13, kiongozi wa Tibet, alilikimbia jeshi la China akahifadhiwa Darjeeling, na Bell ndiye aliyepewa kazi ya kumwangalia. Miaka kumi baadaye Bell alialikwa Lhasa. Alifika Novemba 1920, akakaa karibu mwaka mzima.

Matunda ya ukaribu huo yanaonekana katika kitabu chake, The People of Tibet, cha 1928. Badala ya kubaki kwenye majumba ya wakubwa, Bell aliandika habari za wachungaji, wakulima, wachuuzi, wanawake, hata ombaomba na wanyang'anyi. Haya ni maisha ya watu waliolima shayiri kwenye mabonde yaliyo juu kama Gyantse, takriban mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Chakula chao kikuu kilikuwa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, na kwa kuwa kuni ni haba, mavi ya yaki yalikaushwa yakawa ndiyo nishati ya jikoni.

Lakini wanakijiji hao walibeba mzigo mwingine, uitwao ula. Msafiri mwenye hati ya serikali ya Lhasa alistahili kupatiwa farasi na wanyama wa mizigo na vijiji vilivyo njiani, na maafisa wa Kiingereza nao walisafiri kwa hati za namna hiyo. Kwa hiyo, mkulima aliyesimama mbele ya kamera ya msafara wa Bell hakuwa akimtazama mpita njia tu. Mbele yake alikuwa mgeni wa dola. Atakayesoma sura ya mkulima huyo pichani bila kulijua hilo anaweza kudhani woga au adabu ya siku ile ndiyo tabia ya Watibeti.

Jambo la pili ni nani hasa aliyekuwa nyuma ya kamera. Picha nyingi za safari ile ya Lhasa, zilizojulikana kwa miaka mingi kama za Bell, zilipigwa na tarishi wake, Rabden Lepcha, mwenyeji wa Sikkim. Watafiti wa makumbusho ndio waliolirudisha jina lake kwenye kumbukumbu. Leo linaandikwa katika hazina ya picha zaidi ya 6,000 za Tibet, za 1920 hadi 1950, zinazohifadhiwa na makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford na British Museum ya London.

Sahihisho hilo halimwondolei Bell sifa zake: yeye ndiye aliyepata ruhusa na kutunza kumbukumbu. Linachovunja ni dhana kwamba Himalaya ilikaa tu ikingoja macho ya Mzungu. Tangu mwanzo, mtu wa milima ileile alikuwa akichagua pa kusimama, kiasi cha mwanga na wakati wa kubonyeza.