Hezi 528 Haitamrudishia Mama Usemi

"Daktari, mama nimpigie hezi ngapi?" Mtoto wa mgonjwa wa kiharusi huniuliza hivyo akiwa na simu mkononi, na faili ameshalipakua: kwaya inaimba irabu ndefu zisizo na maneno, juu yake pameandikwa 528, chini yake maelezo kwamba sauti hiyo hufufua seli za ubongo na kurekebisha vinasaba. Anauliza hezi kabla hajauliza presha ya mama imesomaje leo. Na sasa swali limehamia kwa walimu wa kwaya. Wanataka kurekodi nyimbo za tiba, za kutuliza na kuimarisha ubongo, na wananiomba niwatajie namba ya kutungia. Nia yao ni njema, na wanachokishika ni kitu chenye nguvu kweli. Lakini namba haipo. Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja mlangoni, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

528 ina ndugu zake: 396, 417, 639, 741 na 852. Zinauzwa kama ngazi ya kale ambayo watawa wa zama za kati waliitumia kuponya watu, kisha ikafichwa. Ukweli ni kwamba zilitoka kwa Mmarekani aitwaye Joseph Puleo, miaka ya 1970, zikaenezwa kwa kitabu alichokiandika pamoja na Leonard Horowitz mwaka 1999. Puleo hakuzipata kwa kupima sauti, wala kwa kumchunguza mgonjwa hata mmoja. Alizipata katika namba za mistari ya sura ya 7 ya kitabu cha Hesabu. Fungua Biblia yako uhakikishe. Mstari wa 14: moja na nne ni tano. Mstari wa 20: mbili na sifuri ni mbili. Mstari wa 26: mbili na sita ni nane. Hiyo ndiyo 528. Fanya vivyo hivyo kwa mstari wa 12, wa 18 na wa 24, utapata 396. Namba zinapangika vizuri kwa sababu sura ile inarudia orodha ya sadaka za wakuu wa makabila kumi na mawili, na kila mkuu anachukua mistari sita. Mistari hiyo mitatu iliyozaa 528 inataja kijiko cha dhahabu kilichojaa uvumba. Humo hamna wimbo, hamna mgonjwa, hamna uponyaji.

Kuna zaidi. Namba za mistari tunazozisoma leo ziliingizwa katika Biblia zilizochapwa kwenye karne ya 16. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia aliyezipa noti majina yaliyozaa do, re, mi yetu, aliishi karne ya 11. Hakuweza kuficha namba alizokuwa hana. Na hezi je? Ni hesabu ya mitetemo ndani ya sekunde moja, na imepewa jina la Heinrich Hertz, aliyezaliwa mwaka 1857. Sekunde yenyewe tumeipanga sisi binadamu: tuliigawa siku kwa saa 24, saa kwa dakika 60, dakika kwa sekunde 60. Wazee wetu wangeigawa siku vingine, sauti ile ile ingekuwa na namba nyingine kabisa. Seli ya ubongo haina saa ya ukutani ya kujua kwamba mitetemo imefika 528 na si 523.

Mwanakwaya aliyelelewa na solfa ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuukataa uzushi huu. Wauzaji wanasema noti ya mi ni 528. Katika kwaya zetu, mi iko pale mwalimu alipoiweka do. Wimbo umeandikwa do ni G. Jumapili sauti ya kwanza wamechoka, mwalimu anaishusha do hadi F, na ibada inaendelea. Kwaya inayoimba bila kinanda huteremka yenyewe kidogo kidogo ubeti hadi ubeti, kila mwalimu analijua na linamkera. Tena 528 mnaiimba kila wiki bila kujua. C iliyo juu ya A ya kupimia vyombo ina hezi 523 hivi. Mwimbaji mwenye sauti ya kutikisa huipandisha na kuishusha noti mara tano hadi saba kila sekunde, hivyo akiishika C hiyo anapita 528 kwenda na kurudi. Kama ingekuwa inarekebisha vinasaba, sauti ya kwanza wa kila kwaya duniani wasingeugua.

Ndugu yake wa pili katika biashara hii ni 432. Eti ndiyo namba ya asili, na 440 inayotumika sasa ililetwa kwa hila ili kuwavuruga watu. Historia yenyewe ni ya kawaida sana. Zamani kila mji ulikuwa na kipimo chake, na vinanda vya makanisa mawili jirani viliweza kupishana. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ukakubaliana 440 ili wanamuziki wa nchi mbalimbali wapige pamoja. Tofauti ya 432 na 440 haifiki hata theluthi ya nusu-toni.

Wengine hunijibu kwamba sauti hupenya mwilini na kuzitikisa seli. Mama yeyote aliyepimwa ultrasaundi anaweza kuwasahihisha. Mpimaji humpaka jeli tumboni kabla hajaweka kifaa, kwa sababu hewa iliyobaki katikati ya kifaa na ngozi huizuia sauti kuingia. Sauti ikitoka hewani na kugonga mwili wenye maji mengi, karibu yote hurudi ilikotoka. Ndiyo maana tuna ngoma ya sikio na vifupa vitatu nyuma yake: kazi yao ni kuivusha sauti hadi kwenye majimaji ya sikio la ndani. Kutoka hapo kinachofika ubongoni ni ishara za neva. Muziki huufikia ubongo kwa njia ya kusikia, na kusikia kunategemea kumbukumbu, lugha, hisia na mazoea ya msikilizaji.

Mtanikumbusha Mozart, eti kumsikiliza huongeza akili. Utafiti ule wa mwaka 1993 ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo huko Marekani, wazima wa afya, waliosikiliza sonata moja kwa dakika kumi kisha wakafanya vizuri kidogo katika mafumbo ya maumbo, kwa muda wa robo saa hivi. Haukuhusu watoto wachanga wala wagonjwa. Waliofuatilia baadaye waligundua kwamba muziki wowote unaomchangamsha mtu, au hata hadithi anayoipenda, huleta nafuu hiyo hiyo fupi. Kuna pia hezi 40: utafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, ulioanza kutoka mwaka 2016 na kuripoti nafuu katika ubongo wa panya, kwanza kwa mwanga, kisha kwa sauti. Huo ni utafiti halali, lakini maabara nyingine iliyorudia sehemu ya mwanga mwaka 2023 haikupata matokeo yale, na majaribio ya binadamu hayajatupa tiba ya kumwandikia mgonjwa. Na sauti inayotumika ni milio mifupi mifupi inayojirudia mara 40 kwa sekunde, haifanani na kwaya hata kidogo.

Kwa nini nakasirika? Kwa sababu ya mgonjwa. Mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi anavishwa spika za masikioni, mlio mmoja unazungushwa mchana kutwa, naye hawezi kusema "inatosha" wala "punguza". Nimewakuta wagonjwa wakikunja uso na kugeuza kichwa, familia ikiniambia kwamba hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Hapana. Anateseka. Na wakati huo vidonge vya presha vimekwisha tangu wiki iliyopita, kwa kuwa fedha zimenunua nyimbo.

Sasa kwaya inafanya nini hasa? Mgonjwa wa afasia, yaani aliyepoteza usemi kwa kuumia upande wa kushoto wa ubongo, anaweza kushindwa kusema "maji", kisha ukaanza wimbo wa Tenzi za Rohoni akauimba ubeti mzima, maneno yote mahali pake. Familia hulia kwa furaha, nami nafurahi nao. Lakini elewa kilichotokea. Maneno yaliyokaririwa kwa miaka, kama nyimbo, sala, kuhesabu na siku za juma, yana njia nyingine ubongoni, zikiwamo za upande wa kulia, ambazo kiharusi hakikuziharibu. Kuimba ubeti si kuzungumza bado. Ni mlango uliobaki wazi, na kazi yetu ni kupitisha humo maneno mapya.

Wataalamu wa Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza njia ya kufanya hivyo mwaka 1973. Chagua sentensi fupi anayoihitaji mgonjwa kila siku: "nataka maji", "naumwa hapa", "niinue". Iimbe polepole kwa noti mbili tu, ya juu ikiangukia silabi unayoikazia unaposema. Kiswahili kinatusaidia, maana mkazo wetu karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mgonge mgonjwa mkono wa kushoto, pigo moja kwa kila silabi. Imba naye. Kisha punguza sauti yako katikati ya sentensi umwache amalizie. Kisha imba wewe, naye arudie peke yake. Mwisho muulize, "Unataka nini?" akujibu kwa kuimba, na taratibu noti zipungue mpaka yabaki maneno. Ni mazoezi ya kila siku, kwa wiki nyingi. Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake huko Ujerumani walionyesha kwamba mapigo na mazoea ya maneno yanachangia pengine kuliko melodia yenyewe. Kwa hiyo mwimbaji mbaya mwenye mapigo thabiti asiogope kumsaidia mama yake.

Hata kusikiliza tu kuna faida. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake huko Helsinki waliwagawa wagonjwa 60 wa kiharusi makundi matatu: waliosikiliza muziki kila siku kwa miezi miwili, waliosikiliza vitabu vilivyosomwa, na wasiopewa chochote cha kusikiliza. Kundi la muziki lilitangulia katika kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kumakinika. Kila mgonjwa alichagua muziki anaoupenda yeye. Tafiti zilizofuata za watafiti hao hao zikaonyesha kwamba muziki ulioimbwa kwa maneno uliipita ala tupu. Yaani kwaya iliyonyang'anywa maneno ili ionekane ya tiba imepoteza kile kile kilichokuwa na manufaa zaidi.

Walimu wa kwaya, msiache kutunga. Tungeni kwa kuzingatia mwili wa mwimbaji. Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walichapisha mwaka 2001 kwamba kusali rozari kwa Kilatini, kwa kupokezana, hushusha pumzi hadi sita hivi kwa dakika, na mapigo ya moyo na presha hupangika pamoja nayo. Hiyo ni sekunde kumi kwa kila pumzi, kuvuta na kutoa. Basi kifungu cha wimbo kiwe cha urefu huo, pamoja na mapumziko ya kweli ya kuvuta hewa. Shusheni do, maana wazee wengi hawafiki tena noti za juu. Noti zipande na kushuka hatua kwa hatua, ndani ya noti tano au sita. Tumieni kiongozi na waitikiaji, mtindo tulionao tangu zamani: aliyepoteza maneno anaweza kuanza kwa kuitikia neno moja, wiki nyingine mawili. Maneno yawe ya maisha yake. Na imbeni pamoja naye. Kumrekodia wimbo na kumwachia simu hakutoshi.

Mengine kwa haraka. Mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu hatapona kwa nyimbo. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2018 yalikuta kwamba tiba ya muziki huenda ikapunguza huzuni na usumbufu wa tabia, lakini kumbukumbu na ufahamu haviongezeki sana. Mpigie nyimbo za ujana wake, nusu saa kabla ya kuoga au kulala, na uzime akigeuza uso. Sauti iwe ya kiwango ambacho mnaweza kuzungumza juu yake bila kupaza. Kwaya zenye spika kubwa, punguzeni, kwa kuwa tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 iliweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kuzuilika. Mzee asiyesikia apimwe masikio kwanza. Mgonjwa wa Parkinson anayekwama akitembea apigiwe mapigo thabiti, makofi yanatosha, na mtu awe pembeni asianguke. Mwenye kifafa ambacho huchochewa na muziki asipigiwe bila ushauri. Presha ipimwe, dawa zisikatizwe, mtaalamu wa tiba ya usemi atafutwe mapema hata kama ni kwa simu. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, nendeni hospitali saa hiyo hiyo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, maana daktari wa zamu ataamua kwa kuitazama hiyo.