NENO MOJA: ZAWADI, SUMU NA NDOA

Watu wengi hudhani kwamba lugha za Ulaya zimekaribiana sana, hata mtu ajuaye Kiingereza aweza kubahatisha maneno ya lugha nyingine kwa kuyatazama tu. Kubahatisha huko kuna hatari, na neno moja dogo latosha kutuonyesha. Neno lenyewe ni "gift".

Kwa Kiingereza, kama tujuavyo sote, maana yake ni zawadi. Lakini kwa Kijerumani "Gift" ni sumu. Mtu aliyejifunza Kiingereza peke yake, akikuta chupa ya Kijerumani yenye neno hilo, huenda akafurahi mahali pa kuogopa. Katika Uswidi, Denmaki na Norwe neno hilo lina maana mbili: ni sumu, tena ni kuwa umeoa au umeolewa. Wenyewe hulifanyia mzaha. Waholanzi wao wamezitenga maana: "gift" ni zawadi, na "gif", bila herufi ya mwisho, ni sumu.

Je, mambo haya yametukia kwa bahati tu? Sivyo. Lugha hizi ni ndugu, kama vile Kiswahili, Kizigua na Kinyamwezi zilivyo ndugu. Neno lao latoka katika shina moja, nalo ni tendo la kupa. Mwingereza husema "give", Mjerumani "geben", na Mholanzi "geven". Tofauti imekuja katika jambo moja tu: ni kitu gani kilichotolewa?

Hapo kale hata Wajerumani walilitumia neno hili kwa kitu chochote apewacho mtu. Mpaka leo "Mitgift" ni mali ambayo bibi arusi hupewa na wazazi wake. Maana ya sumu iliingia kwa njia ya uganga. Wagiriki walikuwa na neno "dosis", yaani kutoa, wakalitumia kwa kipimo cha dawa apewacho mgonjwa. Neno hilo likaingia katika Kilatini, na Wajerumani wakaifuata maana yake kwa neno lao wenyewe. Basi kitu apewacho mtu anywe chaweza kumponya, tena chaweza kumwua; maana mbaya ndiyo iliyoshinda. Wala tusiwacheke, kwani sisi nasi twasema "dawa ya panya", na panya akiila haponi.

Ama maana ya ndoa, yatokana na kumtoa binti aolewe. Hata katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa mali aitoayo mwanamume apate mke. Watu wa Skandinavia walipohamia Uingereza katika karne ya 9 na ya 10, walikuja na neno lao lenye maana ya zawadi, na matamshi ya leo ya Waingereza yametokana na hao. Kwa sumu, Waingereza walichukua "poison" kutoka Kifaransa, ambalo asili yake ni "potio" la Kilatini, maana yake kinywaji. Hapo pia jina la kitu kibaya lilianza kwa jambo lisilo na ubaya.

Wala neno la Wagiriki haliko mbali nasi. Tukiambiwa zahanati, "Maliza dozi," ndilo lile lile "dosis", lililotufikia kwa njia ya Kiingereza.

Ndugu wasomaji, sisi wa Kidato cha Nne karibu tutatawanyika, wengine waende viwandani, wengine hospitali, wengine bandarini, ambako mizigo hutoka nchi nyingi na maandishi yake ni ya lugha nyingi. Sura ya neno si maana yake. Usipolijua, tazama kamusi ya lugha ile ile, au mwulize ajuaye, kabla hujaifungua chupa. Kuuliza si ujinga.