Mvua za Mwanzo na Saa za Mwanga Mjini Juba

Kila mwaka, uingiapo mwezi wa Aprili, mji wa Juba hupita katika kipindi ambacho hali yake ya hewa haitulii. Asubuhi jua huwa kali, mchana joto hukaba, na alasiri mawingu meusi hujikusanya, mara nyingi upande wa mashariki, yakamwaga mvua kubwa kwa muda wa saa moja au mbili. Kesho yake huweza kuwa kavu, na juma zima likapita bila tone. Kwa mkulima, hali hiyo ni swali la siku ya kupanda mbegu. Kwa askari wa jeshi na wa polisi ni swali la saa ya kikosi kutoka, njia ya kupita na saa ya kurudi. Na jibu lenye makosa huweza kulipwa kwa maisha ya watu.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni safari ya jua. Juba iko takribani nyuzi tano kaskazini ya ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mwa mji huo mara mbili kwa mwaka: tarehe 2 au 3 Aprili likielekea kaskazini, na karibu na tarehe 10 Septemba likirejea kusini. Nyuma ya jua hufuata ukanda wa mvua, yaani mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na hewa yenye unyevu ikapanda juu. Ukanda huo hauendi sambamba na jua, bali huchelewa kwa majuma kadhaa, tena hauendi kwa mwendo mmoja. Husogea, husita, hurudi nyuma, kisha husogea tena. Huko kusitasita ndiko kunakozifanya mvua za Aprili na Mei ziwe za vipindi.

Kabla ya hapo, kuanzia Desemba hadi Februari, hutawala upepo mkavu wa kaskazini, na joto hufikia kilele chake Februari na Machi. Mnamo Machi 2024 Serikali ya Sudan Kusini ililazimika kufunga shule nchini kote kwa ajili ya joto, na Februari 2025 hatua kama hiyo ilichukuliwa tena.

Mvua ya Juba kwa mwaka ni takribani milimita 950 kwa wastani. Januari hupata milimita 5 hivi, na Machi haifiki 40. Aprili huruka ghafula hadi zaidi ya 110, na Julai hufikia karibu 145. Ndipo Novemba hushuka hadi 43 au pungufu. Hapo ndipo askari aliyekulia au kufunzwa kusini zaidi anapoweza kukosea. Katika pwani ya Afrika Mashariki masika huanza Machi na kwisha Mei, na mwezi wa Juni huja na ubaridi na ukavu wa kipupwe. Mtu aliyezoea majira hayo akiona siku kumi kavu mjini Juba mwanzoni mwa Juni, atadhani mvua imekwisha, kumbe sehemu kubwa ya mvua ya mwaka haijanyesha bado.

Mwanga wa mchana, kinyume cha mvua, haubadiliki sana. Katika siku ndefu kuliko zote, mwishoni mwa Juni, jua la Juba hukaa angani kwa saa 12 na dakika 24 hivi. Katika siku fupi kuliko zote, mwishoni mwa Desemba, hukaa saa 11 na dakika 50. Tofauti ni kama dakika 34 tu, ilhali mjini London tofauti hiyo inakaribia saa 9. Nchi za Ulaya zina sababu ya kusogeza saa zao mbele na nyuma kila mwaka, Juba haina. Hata hivyo, tangu 1970 hadi 1985 Sudan nzima, Juba ikiwamo, ilisogeza saa mbele kila mwaka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Oktoba, na sehemu ya kusini ya nchi ilifuata utaratibu ambao jua lake halikuuhitaji.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baadaye. Mwezi wa Januari 2000 Sudan ilihamia moja kwa moja katika saa inayotumiwa na Kenya, Uganda na Tanzania, na Sudan Kusini ilibaki na saa hiyo ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 2021, Serikali ya Juba ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Kwa jua, uamuzi huo ni wa haki kabisa: jua la Juba hufika katikati ya anga karibu na saa sita mchana kwa saa mpya, ambapo kwa saa ya zamani lilifika karibu na saa saba. Aidha, hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu mchana kutoka macheo, inaafikiana na saa hiyo mpya vizuri kuliko ile ya kwanza.

Kwa kazi ya ulinzi, hata hivyo, badiliko hilo lina uzito wake. Mwezi wa Juni 2020 jua lilitua Juba saa 1 na dakika 7 hivi usiku. Tangu 2021, mwezi huo huo, hutua saa 12 na dakika 7 jioni. Giza nalo halichelewi, kwa maana karibu na ikweta utusitusi wa magharibi hudumu dakika ishirini na kitu tu. Msafara uliozoea kufika kambini saa 12 jioni ukiwa na saa nzima ya mwanga wa akiba sasa hufika jua likizama. Kwa kuwa tufani za mvua hupenda kulipuka kati ya saa 9 alasiri na machweo, msafara huohuo unaweza kukutana na mvua na giza kwa pamoja. Na mwezi wa Juni una ahueni kidogo. Mwanzoni mwa Novemba jua hutua mapema kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, karibu na saa 11 na dakika 35 jioni.

Mpakani jambo hilo huwa gumu zaidi. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, huishia mahali ambapo saa hubadilika. Saa 8 mchana ya Nimule ni saa 9 alasiri ya Elegu, upande wa Uganda. Ujumbe wa redio usemao kwamba magari yataondoka saa 9, bila ya kutaja ni saa ya nchi ipi, humwacha mlinzi wa kizuizi akiwangoja kwa saa nzima, au magari yakapita kabla ya ulinzi kuwekwa. Barabara hiyo imekwisha kushuhudia mashambulizi dhidi ya wasafiri, na saa moja njiani si kitu kidogo.

Jua lenyewe laweza pia kumpotosha asiyelijua. Kati ya mwanzo wa Aprili na tarehe 10 Septemba, jua la adhuhuri mjini Juba huwa upande wa kaskazini, na kivuli huanguka kusini. Mwishoni mwa Juni, mti ulionyooka wenye urefu wa mita 2 hutoa kivuli cha sentimita 67 hivi kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba hutoa kivuli cha zaidi ya mita moja kuelekea kaskazini. Askari asiye na dira ambaye amezoea jua la Khartoum, linalokaa kusini kwa sehemu kubwa ya mwaka, anaweza kugeuza mwelekeo wa doria nzima.

Maji nayo yana njia mbili za kuleta hatari. Mto wa Bahr el Jebel, unaopita Juba, hupokea maji ya maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, na kupanda kwake ni kwa polepole. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na kinamasi cha Sudd kikapanuka zaidi ya mara mbili. Kina cha ziwa hilo kilivunja rekodi Mei 2020, kikaivunja tena Mei 2024. Mafuriko ya namna hiyo huonekana yakija, na huchelewa kuondoka, kama wakazi wa Bentiu walivyoona tangu 2021.

Hatari ya pili ni ya makorongo makavu, ambayo wenyeji huyaita khor, neno lenye asili moja na hori ya Waswahili wa pwani. Korongo linaweza kuwa mchanga mtupu saa 8, na kufikia saa 10 likawa mto, hata kama mahali pa kuvukia hapakunyesha. Maji ya nusu mita yaendayo kasi huweza kuliondoa gari njiani. Kwa kawaida maji hayo hupungua baada ya saa chache, na dereva anayeamriwa kungoja hupoteza jioni moja tu.

Radi huua haraka zaidi. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, ambako wengi ni raia wa Sudan Kusini, radi moja iliwaua watu 14 waliokusanyika kwa sala. Hema si kinga, wala mti ulio peke yake. Gari lililofungwa lenye paa la chuma ni kinga nzuri. Zikihesabiwa sekunde kati ya mmweko na ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja, na ikiwa hesabu haifiki thelathini, tufani imekwisha kuwa karibu mno. Mtambo wa redio na utengwe na mlingoti wake mapema, na walinzi wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Ama kuhusu utabiri wa msimu utolewao na kituo cha IGAD kilichoko Ngong, karibu na Nairobi, yafaa usomwe kwa maana yake. Ukisema eneo fulani lina uwezekano wa asilimia 45 wa kupata mvua zaidi ya wastani, hausemi lolote juu ya alasiri ya Jumanne. Unalinganisha mafungu matatu ya mvua ya msimu mzima: nyingi, ya wastani na haba. Kwa kupanga ghala la chakula na matengenezo ya barabara unafaa sana. Kwa doria ya kesho hutakiwa taarifa ya siku kutoka Idara ya Hali ya Hewa mjini Juba, pamoja na jicho la mlinzi aliye zamu. Vita vya 1983 hadi 2005 viliharibu vituo vingi vya kupimia mvua, na si vyote vilivyorudishwa. Kituo cha polisi chenye kipima mvua cha bei ndogo, na koplo mmoja wa kuandika kipimo kila asubuhi saa 3 katika daftari, kingeweza kuziba pengo moja kati ya mengi yaliyopo kati ya Juba na Torit.